Watu Wetu Hulipa, Wakijua Wananunua Nini

Kuna kauli inayorudiwa kila anapoketi mwekezaji na kijana mwenye programu mpya ya simu: "Watu wa huku hawalipii vitu vya mtandaoni, wamezoea vya bure." Imesemwa mara nyingi mpaka imegeuka kanuni, na mipango mingi ya biashara imejengwa juu yake: toa bure, kusanya watu, halafu uza matangazo. Mimi naipinga. Ukitazama namna watu wanavyotumia pesa zao kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi na Kampala, utaona wanalipa kila siku, wengine kwa kujibana hasa, na pale wanapokataa wana sababu ambazo mtoa huduma angeweza kuziondoa kama angejali kuzijua.

Chukua WhatsApp, maana ndiyo huduma inayotumiwa na karibu kila mwenye simu janja huku kwetu. Wengi wamesahau kwamba iliwahi kuwa ya kulipia. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa bure, kisha mtu alitakiwa kutoa senti 99 za dola kwa mwaka. Januari 2016 ada hiyo ikafutwa, na kampuni yenyewe ikaeleza kwa nini: watumiaji wengi hawana kadi ya benki, na walikuwa na hofu kwamba mwaka wa kwanza ukiisha watapotezana na ndugu na marafiki. Hapo hakuna mahali iliposemwa kwamba watu wamegoma kutoa dola moja. Mtu aliyekuwa akinunua vocha ya shilingi elfu moja kila baada ya siku chache hakushindwa na shilingi elfu mbili na ushee kwa mwaka mzima. Alishindwa na mlango. Pesa yake ilikuwa kwenye M-Pesa au Tigo Pesa, na mlango wa kulipia ulikuwa unadai Visa.

Kufutwa kwa ada nako hakukumaliza gharama. Facebook ilikuwa imeshainunua WhatsApp mwaka 2014 kwa takriban dola bilioni 19, na fedha kama hizo haziachwi zipotee. Januari 2021 yakaja masharti mapya ya matumizi yaliyowatia watu wasiwasi kiasi cha wengi kukimbilia programu nyingine za ujumbe, Signal na Telegram. Juni 2025 ikatangazwa kwamba matangazo ya biashara yataingia pale tunapotazama stetasi za wenzetu. Aliyelipa dola yake angekuwa na neno la kusema. Asiyelipa hupewa taarifa tu kwamba masharti yamebadilika, abonyeze kukubali.

Halafu kuna bando, na hapa ndipo wachambuzi wengi hupotea njia. Mama anayeuza vitumbua Mbagala akijiunga na kifurushi cha siku, kwake hiyo ndiyo bei ya intaneti. Ameshalipa. Akifungua programu ya habari ikamwambia alipie tena ili asome, anaona anatozwa mara mbili kwa kitu kimoja, na kwa hesabu za mfuko wake yuko sahihi. Kampuni za simu ndizo zilizotuzoesha kufikiri hivyo. Mwaka 2014 Tigo Tanzania, ambayo sasa inaitwa Yas, iliwafungulia wateja wake Facebook bila kukatwa bando, tena kwa Kiswahili. Lilikuwa jambo zuri kwa waliokuwa wakiingia mtandaoni kwa mara ya kwanza, lakini fundisho lililobaki vichwani ni kwamba mtandao wa simu ndio unaolipiwa, na kilichomo ndani huja chenyewe.

Na bando lenyewe limejaa mambo yanayomfanya mtu ahisi anaonewa. Anayenunua cha siku hulipa zaidi kwa kila MB kuliko mwenye uwezo wa kununua cha mwezi. Muda ukiisha, kilichobaki kinapotea hata kama hukukitumia. Aprili 2021, bei mpya za vifurushi zilipotangazwa Tanzania, watu walipiga kelele mpaka TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, ikaagiza zisitishwe mara moja. Kenya, baada ya malalamiko ya muda mrefu yaliyofika hadi kwenye vyombo vya sheria, Safaricom ilileta vifurushi visivyo na ukomo wa muda mwezi Oktoba 2019. Unanunua kiasi unachotaka, kinakaa mpaka kiishe. Kilichobadilika pale ni uhakika kwamba ulichonunua ni chako, na kwa mteja wa kipato cha chini uhakika huo una thamani kubwa kuliko MB za nyongeza.

Sasa niwapeleke mahali ambapo swali hili hujibiwa kila siku bila utafiti wowote: steshenari.

Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu, pita kwenye steshenari yoyote iliyo karibu na shule ya sekondari au stendi ya mabasi. Utawakuta vijana na wazazi wao kwenye benchi, wameshika bahasha za vyeti. Bodi ya Mikopo ya Tanzania inatoza ada ya maombi ya shilingi 30,000, inayolipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo kupitia simu au benki. Mfumo wenyewe uko wazi kwa kila mtu mwenye simu na bando. Lakini mzazi anatoa pesa nyingine, mbali na ile ada, ili kijana wa steshenari amjazie. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Picha iwe na ukubwa unaokubalika. Fomu ichapwe, isainiwe na mdhamini, ipate mhuri wa serikali ya mtaa na wa wakili au hakimu, iskaniwe, ipakiwe. Ukikosea kitu kimoja unaweza kukosa mkopo, na kukosa mkopo kwa familia nyingi ni kukosa chuo.

Orodha ya kazi za steshenari ni ndefu. Wapo wanaofuata namba ya kitambulisho cha taifa ya NIDA, wanaoomba kazi serikalini, wanaosajili jina la biashara BRELA, wanaotafuta TIN, namba ya mlipakodi, ya TRA. Kenya ni vilevile kwenye saiba, vibanda vya intaneti: ikikaribia tarehe 30 Juni, foleni ya watu wanaojaziwa taarifa zao za kodi za KRA hujaa mpaka nje, ilhali mfumo ni uleule walio nao kwenye simu zao.

Watu hawa wananunua nini hasa? Nimewasikiliza, na majibu yao yanafanana. Wananunua bei iliyotajwa kabla ya kazi kuanza. Wananunua mtu anayejua kwamba mfumo huwa mwepesi usiku na huelemewa mchana. Wananunua kuelezwa kwa Kiswahili cha kawaida kwamba "sehemu hii usiijaze, inawahusu waliosoma nje." Zaidi ya yote, wananunua mtu ambaye hawaruhusu kuondoka mpaka ujumbe wa uthibitisho uingie kwenye simu, na kesho likitokea tatizo watamkuta palepale kwenye meza yake. Hiyo ndiyo huduma bora ya mtandaoni tuliyo nayo, na watu wanailipia bila kunung'unika. Anayesema Watanzania hawalipii ubora hajawahi kukaa kwenye benchi la steshenari.

Upo upande wa pili unaonisumbua. Kijana yule anabaki na barua pepe, nywila na namba za vitambulisho za nusu ya mtaa. Wengi wao ni waaminifu, lakini hatuwezi kujenga usalama wa taarifa za taifa juu ya uaminifu wa mtu mmoja mmoja. Kila mfumo unaomlazimu mwananchi kumlipa mtu wa tatu ili autumie umeshatoa ushahidi wa aina mbili: kwamba utayari wa kulipa upo, na kwamba waliousanifu hawakumfikiria mtumiaji. Pesa ambayo ingeweza kuboresha mfumo inaishia kuziba matundu yake, na mwaka unaofuata matundu ni yaleyale.

Kibanda cha kuuza nyimbo na filamu kinasema jambo hilohilo kwa namna nyingine. Kwa miaka mingi watu wamekwenda na flashi au memori kadi, wakatoa shilingi mia tano au elfu moja, wakajaziwa filamu za kutosha wiki nzima. Kazi za wasanii zilikuwa zinaibwa, na hilo silitetei hata kidogo. Limewaumiza sana watu wa Bongo Movie. Lakini tusijidanganye kwamba mteja yule alikuwa anakwepa kulipa. Pesa aliitoa. Aliitoa kwa mtu aliyepokea sarafu, asiyemalizia bando lake, anayejua kwamba yeye hupenda za Kihindi na mke wake za Kikorea, na anayembadilishia ikiwa filamu imegoma kucheza. Wenye haki halali walichelewa sana kufika kwenye kiwango hicho cha huduma.

Walipofika, wengine walifika na bure. Septemba 2021 Netflix ilianzisha Kenya mpango usio na malipo kwa simu za Android, usiohitaji kadi wala kuonyesha matangazo. Tarehe 1 Novemba 2023 mpango ukafungwa. Kwangu mimi hilo halithibitishi kwamba Wakenya hawalipi. Linaonyesha kwamba kumpa mtu kitu bure kwa miaka miwili hakumfundishi kukilipia mwaka wa tatu. Linganisha na mpira. Mei 2021 Azam Media na shirikisho la soka, TFF, walisaini mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu Tanzania Bara wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Hakuna anayesaini fedha hizo kama haamini kwamba watu watalipia king'amuzi. Na wanalipia, kwa sababu siku ya Simba na Yanga kila mtu anajua anachonunua, saa ngapi, na atakosa nini asipolipa. Asiyeweza kulipia nyumbani anatoa sarafu zake kwenye kibanda umiza na anaona mechi ileile. Mlango upo kwa mwenye nyingi na kwa mwenye kidogo.

Mfano mkubwa kuliko yote tumeuzoea mno mpaka hatuuoni. Machi 2007 Safaricom ilipozindua M-Pesa, na Vodacom ilipoileta Tanzania mwaka 2008, mtu angeweza kuuliza: nani atakubali kukatwa ili atume pesa yake mwenyewe? Alikubali aliyekuwa anampa dereva wa basi bahasha aipeleke Kisumu au Songea, halafu anakaa siku mbili akiomba Mungu ifike. Makato yalikuwa yanajulikana kabla hujatuma. Ujumbe wa uthibitisho uliingia kwa mtumaji na kwa mpokeaji ndani ya sekunde. Mimi naamini ujumbe ule mfupi ndio bidhaa yenyewe. Kuhamisha pesa ni kazi ya mashine huko nyuma, lakini anacholipia mtu ni kupumua.

Sasa weka pembeni ya hayo kodi ya mitandao ya kijamii ya Uganda. Kuanzia Julai 2018 kila mtu alitakiwa kulipa shilingi 200 za Uganda kwa siku ili afungue WhatsApp, Facebook na Twitter. Kiasi kilikuwa kidogo, na kilikatwa kupitia pesa za simu, kwa hiyo njia ya kulipa ilikuwepo. Watu wakasakinisha kwa wingi VPN, programu zinazoficha unachofungua mtandaoni. Mwaka wa kwanza wa fedha ulipoisha, Mamlaka ya Mapato ya Uganda ilikuwa imekusanya takriban shilingi bilioni 49.5, wakati lengo lilikuwa bilioni 284. Julai 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikaja ya asilimia 12 juu ya bando. Mwezi huohuo Tanzania ikaanza tozo za miamala ya simu, na watu wengi wakarudi kwenye noti mkononi. Septemba tozo zikapunguzwa kwa asilimia 30, na bajeti ya mwaka 2023 ikaondoa tozo ya kutuma. Fedha zilielezwa kuwa ni za vituo vya afya na madarasa, na mahitaji hayo ni ya kweli. Lakini kwa aliyekuwa anatuma pesa kijijini, huduma ilikuwa ileile ya jana kwa bei ya juu zaidi. Hakuna kilichofika haraka zaidi, wala mtandao uliosimama imara zaidi.

Kuzitumia habari hizi mbili kudai kwamba watu wetu hawataki kulipia mtandao ni kuzisoma vibaya. Mtu yuleyule aliyekwepa shilingi 200 kwa VPN alikuwa analipa makato ya kutuma pesa wiki hiyohiyo. Alipima alichopata.

Kinachoua utayari wa kulipa kuliko umaskini, kwa maoni yangu, ni salio linalokatwa kimyakimya. Kila familia ina kisa chake. Bibi anaweka vocha, anakuta imepungua, kumbe ameunganishwa na huduma ya ujumbe wa dini, ya mapenzi au ya vidokezo vya kubeti ambayo hakuiomba. Kujitoa kunahitaji kutuma neno fulani kwenda namba fulani, na anayelijua ni mjukuu aliyeko mjini. Kuna na zile programu za "mwezi wa kwanza bure" zinazotaka namba ya kadi kabla hujaonja chochote, na mwezi wa pili zinachukua. Kila shilingi iliyochukuliwa kwa njia hiyo imemwibia pia mtoa huduma mwaminifu atakayekuja baadaye, kwa sababu bibi yule ameshaapa kutobonyeza tena kitu chochote kinachouliza "unakubali?" Mamlaka za mawasiliano zimetoa maelekezo kuhusu jambo hili zaidi ya mara moja. Ningependa kuona adhabu zinazouma, na fidia inayorudi kwenye simu ya aliyekatwa bila yeye kuidai.

Kwa hiyo anayetaka kuuza huduma bora ya mtandaoni kwa watu wetu aache kuuliza kama watalipa. Ajiulize kama anaweza kuuza kwa siku au kwa wiki, maana mama wa vitumbua anapata pesa kila siku na mwezi kwake ni safari ndefu. Ajiulize kama mtu anaweza kujitoa kwa wepesi uleule aliojiungia. Ajiulize kama huduma yake inakubali mtandao dhaifu, kama fomu iliyojazwa nusu inabaki salama umeme ukikatika, kama yupo binadamu anayepokea simu na kuzungumza Kiswahili. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipopata hitilafu na intaneti ikayumba kwa siku kadhaa Tanzania na nchi jirani, watumiaji wengi walibaki gizani bila taarifa kutoka kwa huduma walizokuwa wamezilipia. Ujumbe mfupi wa simu, ambao hauhitaji intaneti, ungetosha: tuna tatizo, siku zako tutakurudishia.

Mpaka wa hoja yangu lazima niuseme pia. Ziko huduma ambazo utayari wa watu kuzilipia haupaswi kugeuzwa biashara, na hizo ni zile ambazo mwananchi hana pa kwenda kwingine. Kenya iliunganisha zaidi ya huduma 5,000 za serikali kwenye mfumo mmoja wa mtandaoni, eCitizen, kufikia katikati ya mwaka 2023, na kila malipo yakaambatana na ada ya urahisi ya shilingi 50. Julai mwaka huohuo mfumo ukashambuliwa na wadukuzi, huduma zikakwama. Mwaka 2025 Mahakama Kuu ikabatilisha agizo la kulipa karo za shule kupitia mfumo huo, na ada ya shilingi 50 ilikuwa miongoni mwa mambo iliyoyakataa. Mzazi anayelipa karo hachagui kati ya eCitizen na mshindani wake. Kwake ada ya urahisi ni kodi, na kodi ina taratibu zake, kuanzia kwa wawakilishi wa wananchi. Ubora wa huduma hizo tumeshaulipia kwenye kodi za sabuni na mafuta ya taa; kutuuzia tena ni kutengeneza mstari wa haraka kwa wenye nacho na kuwaacha wengine kwenye mfumo unaogoma.

Kwenye huduma nyingine zote, soko lipo. Tatizo linalobaki ni nani ataruhusiwa kulihudumia. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za Machi 2018 zilimtaka hata mwenye blogu ndogo alipe leseni na ada ambazo jumla yake ilizidi dola 900, na wengine wakafunga milango mwaka huohuo. Ada zimepunguzwa baadaye, lakini fikra iliyozizaa bado ipo: mtoa huduma mdogo anatozwa kabla hajapata mteja wa kwanza. Kijana wa steshenari Kahama anayejua kila kosa la kila mfumo wa serikali angeweza kuwa na programu yake mwenyewe, inayosaidia watu elfu kumi badala ya hamsini kwa siku, kwa shilingi mia tano kila mmoja, na risiti juu. Wizara inayosimamia mawasiliano na TCRA wangeanza na kuwaita vijana hao mezani, kabla ya kuajiri mshauri mwingine kutoka nje, na kuweka kiwango cha mapato ambacho chini yake mtu haombwi leseni kabisa.